Neno Lililoachwa Njiani: Uhakiki wa Istilahi katika Maandishi ya Kitaaluma Kuhusu Jamii za Nyanda za Juu Kusini za Tanzania

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna maneno ya Kinyakyusa, Kisafwa na Kihehe yalivyoingizwa katika maandishi ya kitaaluma ya Kijerumani na Kiingereza, na namna yalivyopokelewa baadaye katika Kiswahili. Inadai kwamba kuondoa ukoloni katika taaluma hiyo hakutimii kwa kubadilisha majina ya waandishi, wala kwa kutafsiri vitabu vyao kwa Kiswahili. Kunadai kurudishwa kwa neno la asili pamoja na sarufi yake, na kutajwa kwa aliyelisema. Mifano imetolewa katika kazi za Monica Wilson, Alan Harwood, Elise Kootz-Kretschmer na M. M. Mulokozi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2015 lilizinduliwa jarida la kitaaluma lenye jina la Somaliland, ambalo bodi yake ya wahariri haikuwa na Msomali hata mmoja. Safia Aidid, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika historia, pamoja na wanazuoni wenzake wa Kisomali, walihoji inawezekanaje taaluma nzima kuhusu watu fulani iendeshwe kana kwamba watu hao ni mada tu na hawana la kusema. Mjadala huo ulipewa jina lenye neno la Kisomali "cadaan", yaani "nyeupe". Hoja yake kubwa ilihusu watu: nani anaketi katika bodi, nani ananukuliwa, nani anahesabiwa kuwa mjuzi.

Swali hilo lina uzito, lakini lina ndugu yake ambaye mjadala wa 2015 haukumpa nafasi kubwa. Ndugu huyo ni swali la maneno. Mtafiti mwenyeji anaweza kukalia kiti cha mhariri na bado akaendelea kuwaeleza watu wake kwa istilahi alizorithi kwa mtafiti mgeni. Kiti kimebadilika, maelezo yamebaki yaleyale. Makala hii inalifuata swali hilo la pili katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, eneo ambalo wanaanthropolojia na wamisionari waliliandika kwa wingi tangu mwisho wa karne ya 19.

Eneo hili linafaa kwa sababu ya kihistoria. Jirani na mji mdogo wa Mbalizi, magharibi mwa Jiji la Mbeya, ipo Utengule, ambako Wamoravian walifungua kituo cha misheni mwaka 1895. Katika mazingira ya misheni hiyo ndiko Elise Kootz-Kretschmer alikokusanya masimulizi na maelezo yaliyozaa kitabu chake Die Safwa, kilichotolewa kwa juzuu tatu kati ya 1926 na 1929. Upande wa kusini, Rungwe, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Upande wa kaskazini-mashariki, Iringa, G. Gordon Brown na A. Bruce Hutt walichapisha Anthropology in Action mwaka 1935. Kwa njia hiyo Wasafwa, Wanyakyusa na Wahehe walikuja kuwa vitabu. Mwanafunzi wa leo anayetaka kuandika juu yao huanza, kwa lazima au kwa mazoea, na vitabu hivyo.

2.0 Mikono iliyoandika

Kitabu cha Brown na Hutt ndicho kinachosema wazi zaidi kazi ya taaluma ilikuwa nini. Hutt alikuwa ofisa wa utawala wilayani, Brown alikuwa mwanaanthropolojia. Mpango wao ulikuwa rahisi: mtawala anauliza, mtaalamu anajibu. Maswali yalizaliwa na mahitaji ya utawala usio wa moja kwa moja, yaani kodi, mashauri, ardhi na mamlaka ya wenyeji. Wahehe walikuwa upande wa tatu wa mazungumzo hayo. Walitoa majibu ambayo yaliandikwa kama jibu la mtu mwingine kwa swali la mtu mwingine.

Hali ya akina Wilson haikuwa ya namna hiyo kabisa, na ni haki kuitofautisha. Wote wawili walijifunza Kinyakyusa. Monica Wilson aliandika vitabu vikubwa kutokana na madaftari ya utafiti wao wa pamoja, baada ya mumewe kufariki mwaka 1944: Good Company (1951), Rituals of Kinship among the Nyakyusa (1957), Communal Rituals of the Nyakyusa (1959) na For Men and Elders (1977). Vitabu hivyo vina maneno mengi ya Kinyakyusa kuliko maandishi mengi yaliyofuata. Hata hivyo, kujua lugha ni jambo moja, na kufanya kazi peke yako ni jambo jingine. Kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, Inside African Anthropology (2013), kilionyesha ukubwa wa mchango wa wakalimani na makarani waliofanya kazi na Monica Wilson katika maisha yake yote ya utafiti. Mmoja wao ni Leonard Mwaisumo, karani Mnyakyusa aliyefariki mwaka 1938. Kazi ya karani wa aina hii haikuishia kubeba ujumbe kutoka kinywa kimoja hadi sikio jingine. Aliandika, alifasiri, na kwa kufanya hivyo aliamua ni maelezo gani ya mzee yafupishwe na ni neno gani lisimame kwa niaba ya dhana nzima. Hayo ni maamuzi ya kitaaluma kwa kipimo chochote, lakini kwa muda wa miongo saba hivi, sifa yake ilihesabiwa kwa wengine.

Utengule inatoa sura nyingine ya jambo hilohilo. Kootz-Kretschmer hakuandika mila tu. Aliandika pia maisha ya watu waliopita katika misukosuko ya utumwa na vita kabla ya kufika misheni, wakiwemo wanawake kama Narwimba na Chisi, na mwalimu Msatulwa Mwachitete. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachukua masimulizi hayo na kuyachambua upya katika Strategies of Slaves and Women (1993). Wright alifanya kazi ya thamani, kwa kuwa aliwarudisha wasimulizi hao mahali pao kama watu wenye hila, hesabu na mikakati. Lakini safari yenyewe ya masimulizi inastahili kutazamwa. Maneno yaliyosemwa katika lugha za kusini-magharibi mwa Tanganyika yalipita katika Kijerumani cha misheni, yakaingia katika Kiingereza cha historia ya kijamii, na mara nyingi msomi wa Mbeya huyakuta yakiwa katika kituo hicho cha mwisho. Msimulizi amepata jina, ilhali lugha aliyosimulia kwayo imebaki njiani.

3.0 Maneno yaliyobadilishwa nguo

Upotevu huo hauonekani vizuri katika maelezo ya jumla. Unaonekana neno kwa neno. Sehemu hii inachukua mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni "ukwangala", neno ambalo Monica Wilson alilifanya moyo wa kitabu chake cha 1951 na ambalo ndilo limejificha nyuma ya jina lake la Kiingereza. Katika maelezo yake, wanarika walijenga na kuishi pamoja ili waweze kukaa, kula, kunywa, kuzungumza na kujifunza busara kwa wenzao. Maelezo ni mazuri, lakini jina la kitabu limefanya jambo ambalo sarufi ya Kinyakyusa haikulifanya. "Ukwangala" ni kitenzi-jina cha ngeli ya 15: irabu tangulizi u-, kiambishi ku-, na mzizi -angala, ambapo u ya ku- imegeuka kuwa kiyeyusho mbele ya irabu. Ni tendo, na tendo hudai watendaji na hudai kurudiwa. Jina la Kiingereza limeligeuza kuwa hali au mali, kitu ambacho jamii inacho kama vile inavyokuwa na ng'ombe au migomba. Kutokana na hapo ni hatua fupi kufikia picha ya jamii iliyotulia, yenye tabia moja isiyobadilika. Wahakiki kama Simon Charsley (1969), Marcia Wright (1972) na Michael McKenny (1973) walikwisha kuipitia upya picha ya akina Wilson kwa njia za sosholojia na historia. Kinachoongezwa hapa ni kwamba sehemu ya utulivu huo wa picha ilizaliwa katika tafsiri ya ngeli.

Mfano wa pili ni "imbepo sya bandu", msemo unaotaja nguvu ya manung'uniko ya majirani dhidi ya mtu aliyekosea, nguvu ambayo huweza kumletea ubaridi na ugonjwa. Wilson aliutafsiri kwa Kiingereza kama pumzi ya "men". Tafsiri hiyo inakutana na matatizo mawili ya kisarufi. Kwanza, "umundu" na wingi wake "abandu" hayabagui jinsia. Ni "mtu" na "watu". Neno la Kiingereza lililochaguliwa, hata kama katika miaka ya 1950 lilikubalika kwa maana ya binadamu wote, linamfanya msomaji awaone wanaume wamekaa barazani wakihukumu. Nafasi ya manung'uniko ya wanawake katika kuadhibu mkosaji imefunikwa kabla utafiti haujaiuliza. Pili, kiunganishi "sya" ni upatanisho wa ngeli ya 10, yaani wingi. Si pumzi moja ya umma. Ni pumzi nyingi za watu wengi zinazokutana juu ya mtu mmoja. Tofauti hiyo ina uzito wa kinadharia, kwa sababu katika umoja wake wa Kiingereza msemo huu husomeka kama sauti ya jamii nzima, ambapo sarufi ya Kinyakyusa inaacha nafasi ya majirani kuwa na hasira zisizofanana.

Mfano wa tatu unatoka kwa Wasafwa. Alan Harwood alichapisha mwaka 1970 kitabu Witchcraft, Sorcery, and Social Categories among the Safwa. Dhana yake kuu ni "itonga", nguvu iliyofichika ambayo, kwa maelezo ya Harwood mwenyewe, inaweza kutumika kwa wema au kwa ubaya. Hata hivyo, jozi ya istilahi iliyo katika jina la kitabu haikuzaliwa Usafwa. Ilipata umaarufu kupitia kitabu cha Evans-Pritchard cha 1937 kuhusu Wazande wa Sudani. Harwood alikuwa mtafiti makini, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni jaribio la kuipima jozi hiyo kwa ushahidi wa Wasafwa. Lakini mizani ilikwisha chaguliwa. Nguvu yenye pande mbili iliingia katika maktaba za dunia kwa jina lenye upande mmoja, na anayetafuta Wasafwa katika orodha za maktaba hizo hukutana kwanza na shutuma.

Majina ya watu wenyewe yalipitia njia hiyohiyo. Wamisionari na watawala wa Kijerumani waliwaita wakazi wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa "Konde", na sarufi ya Schumann ya 1899 iliita lugha yao kwa jina hilo. Mwaka 1925, mmisionari D. R. MacKenzie aliandika kuhusu watu wa upande wa Nyasaland kitabu chenye jina The Spirit-Ridden Konde, jina linalowatangaza kuwa watu waliotawaliwa na mizimu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Chini ya Waingereza, jina "Nyakyusa" lilishika nafasi upande wa Tanganyika. John Iliffe, katika A Modern History of Tanganyika (1979), ameonyesha kwamba utambulisho mpana wa Kinyakyusa ulikua ndani ya mazingira ya utawala wa kikoloni, mahali ambapo awali palikuwa na himaya ndogondogo zilizojitegemea. Kwa hiyo hata jina ambalo mtafiti mwenyeji anajitambulisha nalo leo lina historia ya kalamu.

4.0 Kiswahili: daraja na pazia

Mbele ya ushahidi huu, jibu linalotolewa kwa haraka katika vyuo vya Tanzania ni kuandika kwa Kiswahili. Jibu hilo lina haki yake. Kiswahili kimekuwa chombo cha ukombozi wa kifikra tangu miaka ya 1960, na taasisi kama TUKI, ambayo sasa ni sehemu ya TATAKI, na BAKITA zilijengwa kwa imani hiyo. Lakini jibu hilo likiachwa bila kuhojiwa, linaweza kuuhamisha ukoloni wa istilahi kutoka Kiingereza hadi Kiswahili bila kuupunguza.

Mifano iliyotangulia inatosha kuonyesha hatari hiyo. Msomi anayetafsiri "imbepo" kwa "pepo", kwa kuwa mzizi ni mmoja, ameongozwa vibaya na undugu wa lugha. Katika lugha nyingi za Kibantu, mzizi huu hubeba pamoja maana za upepo, baridi na roho. Katika Kiswahili maana hizo zimegawanyika: upepo umebaki hewa, pepo amekuwa kiumbe kibaya anayepungwa, na Pepo imekuwa makazi ya waja wema. Dini na historia ya pwani zimelichonga neno hilo kwa namna isiyolingana na Rungwe. Anayetafsiri kijiji cha wanarika kwa "kijiji cha rika" naye hana budi kukumbuka kwamba tangu sera ya vijiji vya ujamaa na sheria yake ya 1975, "kijiji" ni chombo cha serikali chenye mwenyekiti, mipaka na halmashauri. Na anayemwita "umalafyale" wa Wanyakyusa "mtemi" amechukua neno lenye asili ya Wanyamwezi na Wasukuma, akamvisha mtawala wa mahali pengine. "Mtemi" si neno la mkoloni, lakini katika matumizi haya linafanya kazi ileile iliyofanywa na neno la Kiingereza "chief": linasawazisha tawala tofauti ili ziingie katika safu moja ya jedwali.

Athari nzito zaidi iko katika "itonga". Ikitafsiriwa kwa "uchawi", Kiswahili kinaenda mbali zaidi ya Kiingereza, kwa kuwa kinazifuta hata tofauti mbili ambazo Harwood alijaribu kuzipima. Tena "uchawi" ni neno la kisheria. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1928, na Tanzania huru iliirithi. Nje ya mahakama pia neno hilo lina makali. Watu wanaotuhumiwa uchawi, hasa wanawake wazee, wameuawa katika sehemu mbalimbali za nchi. Tasnifu inayoeleza kwamba wazee wa Usafwa huaminika kuwa na "uchawi", pale ambapo wenyewe walisema wana itonga inayolinda mji, imetoa zaidi ya kosa la tafsiri. Imeweka katika maandishi, kwa muhuri wa chuo kikuu, tuhuma ambayo msemaji hakuitoa.

Neno "kabila" nalo linastahili kuwekwa kwenye mizani hiyo. Archie Mafeje, aliyekuwa mwanafunzi wa Monica Wilson na mwandishi mwenza wa kitabu chao kuhusu Langa (1963), alinyimwa nafasi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1968 baada ya serikali ya ubaguzi wa rangi kuingilia kati. Mwaka uliofuata alikuja Dar es Salaam kuongoza sosholojia. Katika makala yake ya 1971 kuhusu itikadi ya ukabila, alidai kwamba wenyeji wa Afrika Kusini hawakuwa na neno katika lugha zao linalolingana na dhana ya "tribe", na kwamba dhana hiyo ilifunika mahusiano ya kitabaka na ya kihistoria. Hoja hiyo ikiletwa katika Kiswahili inabadilika sura. Kiswahili kinalo neno, lakini limetoka katika Kiarabu, likaja kubebeshwa maana ya kitengo cha utawala, na leo hutumika kana kwamba kila lugha ya Tanzania ilikuwa na kisawe chake. Mhakiki wa Kiswahili hawezi kumsifu Mafeje kwa kulikataa neno la Kiingereza na papo hapo akalitumia "kabila" bila kulichunguza.

5.0 "Mukwava" na uwezo wa herufi mbili

Ukosoaji huu usichukuliwe kuwa Kiswahili hakiwezi kazi hiyo. Fasihi ya Kiswahili ina mfano unaoonyesha kinyume, nao unahusu mtawala wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani huko Lugalo mwezi Agosti 1891 na kufa Julai 1898 baada ya miaka ya kuwindwa. Maandishi ya kitaaluma na ya kiutawala yamezoea kumwita "Mkwawa". Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246 kilichodai fuvu lake lirudishwe, ulimpa jina hilo na kulitanguliza cheo cha "Sultan", cheo ambacho asili yake ni ulimwengu wa Kiislamu wala si Kalenga. Fuvu lilirudi mwaka 1954. Jina halikurudi pamoja nalo.

Umbo "Mkwawa" ni umbo lililopita katika Kiswahili. Kiambishi mu- cha Kihehe kimepoteza irabu yake, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, na sauti inayoandikwa v imegeuzwa w. Mabadiliko hayo ni madogo kwa macho, lakini yanaukata uhusiano wa jina na umbo lake refu, Mukwavinyika, na hivyo kulifanya jina lisilo na maana ndani ya lugha yake. Michael Musso aliliandika "Mukwava" katika jina la kitabu chake cha Kiswahili, Mukwava na Kabila Lake (1968). Mulokozi naye aliiita tamthilia yake Mukwava wa Uhehe (1979). Katika kazi hizi mbili, Kiswahili kimekubali kubeba fonolojia ya lugha nyingine bila kuilazimisha ifuate kanuni zake. Msomaji wa Pwani anayelitamka jina hilo analazimika kusita kidogo, na kusita huko ni heshima.

Mfano huu una funzo la pili. Mulokozi si Mhehe. Ni mwanafasihi kutoka Kagera, aliyejulikana pia kwa utafiti wake wa tenzi za enanga. Kilichompa haki ya kuandika kuhusu Uhehe hakikuwa ukoo, kilikuwa uangalifu. Kwa upande mwingine, jina la kitabu cha Musso limerudisha "Mukwava" na papo hapo limeshika "kabila", ishara kwamba mwandishi mmoja anaweza kulikomboa neno moja na kulirithi jingine ndani ya mstari uleule. Funzo hilo linarudi katika mjadala wa Wasomali na kuukamilisha. Kuongeza wenyeji katika bodi na katika orodha za marejeleo ni haki isiyohitaji kuombwa kwa upole. Lakini wenyeji peke yao hawatoshi kuwa dhamana ya ukweli, kama vile ugeni peke yake usivyotosha kuwa ushahidi wa upotoshaji. Anayetaka kuvitupa vitabu vya Wilson kwa sababu ya rangi ya mwandishi atakuwa ametupa pia maneno ya wazee na ya Mwaisumo yaliyohifadhiwa humo, na huenda mengine hayapatikani kwingine.

Nyenzo za kufanya kazi hiyo zipo kuliko zilivyokuwa miaka ya 1970. Kwa Kinyakyusa kuna kamusi ya Knut Felberg (1996) inayokikutanisha na Kiingereza na Kiswahili, kuna uchambuzi wa kirai nomino wa Amani Lusekelo (2009), na kuna uchunguzi mpana wa kitenzi wa Bastian Persohn (2017). Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kwa msaada wa kazi hizo inawezekana kumsoma tena Wilson kwa kurudi nyuma, kutoka Kiingereza chake hadi Kinyakyusa kilicho chini yake, na kupima wapi alisikia vizuri na wapi lugha yake ilimzidi nguvu. Usomaji wa namna hiyo bado ni haba. Isimu ya lugha hizi na uhakiki wa maandishi ya kianthropolojia vimekuwa kama majirani wanaochota maji kisima kimoja kwa saa tofauti.

6.0 Hitimisho

Makala hii imedai kwamba ukoloni katika taaluma kuhusu jamii za Nyanda za Juu Kusini umekaa kwa uthabiti zaidi katika istilahi kuliko katika majina ya waandishi, na kwamba Kiswahili kinaweza kuurithi ikiwa watumiaji wake hawatakuwa macho. Tafsiri ya "ukwangala" iligeuza tendo kuwa mali. Tafsiri ya "imbepo sya bandu" iliondoa wingi na kuingiza jinsia. Tafsiri ya "itonga" ilifanya ulinzi uonekane hatia. Katika kila hatua palikuwa na mwenyeji aliyefasiri ambaye jina lake halikufika kwenye jalada.

Madai haya yana matokeo ya kivitendo kwa majarida na kwa wasimamizi wa tasnifu. Dhana kuu ya jamii inayochunguzwa ibaki katika lugha yake ndani ya matini ya Kiswahili, ielezwe ngeli na matumizi yake, na kisawe cha Kiswahili kitumike tu pale kinapothibitishwa. Nukuu ya msemaji itolewe kwa lugha aliyoisema, ikifuatiwa na tafsiri, ili msomaji mwingine aweze kuipinga tafsiri hiyo. Mfasiri na msaidizi wa utafiti, akiridhia, atajwe mahali ambapo kazi yake inaonekana, yaani katika uchambuzi, badala ya kushukuriwa kwa jumla katika ukurasa ambao hausomwi. Kanuni hizi zinaongeza kurasa na kuchelewesha kazi. Lakini kwa msomi wa Kisafwa wa Mbalizi ambaye bibi yake bado anasema itonga, gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kumwandika bibi huyo mchawi.